Gitaa la vidole hung'arishwa polepole, lakini polepole ipi?

Besi inatembea, wimbo unasikika juu yake, kila kitu kinakwenda sawa hadi kipimo cha saba (kipimo ni kundi dogo la mapigo, kwa Kiingereza bar). Hapo mkono wa kushoto unatakiwa kuhama kutoka freti ya 3 kwenda freti ya 8, na mpigaji anasita. Ni kusita kwa chembe ya sekunde, lakini besi imeshakatika na msikilizaji ameshasikia. Mpigaji anarudi mwanzo, anapiga tena vipimo sita asivyokuwa na shida navyo, anasita tena palepale. Baada ya nusu saa amevirudia mara ishirini vipimo anavyovijua, na mara ishirini ameufundisha mkono wake kusita.

Akiomba ushauri ataambiwa apige polepole. Ushauri huo ni sahihi, na wapigaji wote wazuri wanautoa. Tatizo ni kwamba unaishia hapo. Mpigaji anaenda nyumbani, anashusha kasi kutoka mapigo 100 kwa dakika hadi 60, na kwenye kasi hiyo kusita hakusikiki tena kwa sababu kuna nafasi ya kutosha ya kukuficha. Anaridhika. Anapandisha kasi siku ya tatu, anakuta kasoro yake inamsubiri kipimo cha saba, vilevile alivyoiacha.

Hoja yetu ni hii: kinachotakiwa kwenda polepole ni wimbo, si vidole. Nafasi kati ya noti na noti inarefuka, lakini kidole kinapohama kinahama kwa wepesi uleule kitakaouhitaji siku ya kupiga kwa kasi kamili, kisha kinatulia na kusubiri. Anayepunguza vyote viwili anajifunza harakati nyingine kabisa, ya kuburuza mkono, na harakati hiyo hatakuja kuitumia popote.

Tuchukue mfano wa karibu nasi, gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, la Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda mjini Jadotville, Likasi ya leo, akiimba na kupiga wimbo wa Masanga kwa Kiswahili. Mkono wa kulia ulitumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada, na bado masikio mengi yalidhani kuna magitaa mawili. Mwenda na mpigaji mwenzake wa Katanga, Edouard Masengo, walifika pia kupiga Nairobi, na huko magharibi mwa Kenya George Mukabi aliufanya mtindo wa omutibo ujulikane, chupa ya Fanta ikigongwa pembeni kushika mapigo. Mitindo hii ni migumu kwa sababu mtu mmoja amebeba kazi ya bendi: gumba ni besi na rithimu, shahada ni solo, na mdomo unaimba. Hakuna ngoma ya kufunika kosa. Kwa hiyo ndiyo mahali pazuri pa kupima kama mazoezi ya polepole ya mtu ni ya kweli au ni ya kujiliwaza.

Tuanze na hesabu, maana inasaidia kuona mambo yalivyo. Kwa mapigo 100 kwa dakika, kila pigo lina sekunde 0.6. Ukidonoa noti mbili kwa kila pigo, noti moja ina sekunde 0.3, na ukidonoa nne ina 0.15. Kwenye gitaa lenye nyuzi za urefu wa milimita 650, kutoka freti ya 3 hadi ya 8 ni kama sentimita 14. Mkono unatakiwa uondoke, usafiri sentimita 14, ufike, ubane bila kuzima uzi wa jirani, na yote hayo ndani ya hizo sekunde 0.3, kwa kuwa noti ya kabla yake nayo inataka kulia hadi mwisho wake. Sasa shusha kasi hadi 50. Noti moja ina sekunde 0.6. Mpigaji wa kawaida anaitumia nafasi yote kusafiri: anaiacha noti ya kwanza mapema, anateleza taratibu, anafika. Mpigaji anayejua anachokifanya anaishikilia noti ya kwanza hadi karibu na mwisho wa muda wake, anaruka mara moja, anafika juu ya freti ya 8 akiwa mwepesi, anabana. Wote wawili wamepiga kwa mapigo 50. Mmoja wao tu ndiye amefanya mazoezi ya kipande chenyewe.

Jinsi ya kujikagua ni rahisi. Simama kwenye noti ya mwisho kabla ya kuhama. Iache ilie. Mkono wa kushoto haufanyi chochote, ila jicho limeshatangulia kuangalia freti ya 8, na hasa pale kidole kitakapotua, nyuma kidogo ya chuma cha freti. Kisha ruka. Usidonoe kwanza. Tazama ulikotua. Kama kidole kimeangukia katikati ya nafasi, mbali na chuma, uzi utatoa mlio wa nyuki usipobana kwa nguvu zaidi. Kama kimepanda juu ya chuma chenyewe, sauti itazimika. Rudi, ruka tena. Fanya hivyo mara kumi bila mkono wa kulia kuhusika kabisa. Watu wengi wanashangaa kugundua kwamba kosa walilodhani ni la vidole ni la jicho: wanatazama mahali mkono ulipo badala ya mahali unapokwenda. Wengine wanagundua kwamba gumba la mkono wa kushoto, lile la nyuma ya shingo ya gitaa, limebaki freti ya 3 wakati vidole vimeshafika ya 8, na mkono umepinda. Gumba lilegezwe kwanza, ndipo mkono uhame wote pamoja na kiwiko.

Kwa kasi ya kawaida hakuna anayeweza kuyaona haya. Hiyo ndiyo faida ya polepole, kwamba inakupa muda wa kukagua. Lakini kuwepo kwa muda si ukaguzi. Mtu anaweza kupiga kwa mapigo 40 huku akifikiria chakula cha jioni, na vidole vyake vitajifunza kile vilichofanya, kizuri au kibaya.

Nani achague kasi? Si wimbo, ni mahali pagumu kuliko pote katika wimbo. Tafuta pigo moja au mawili yanayokushinda, punguza kasi hadi uweze kuyapiga bila bega kupanda, bila pumzi kukatika, na bila kubahatisha, kisha kasi hiyo ndiyo kasi ya kipande kizima kwa siku hiyo. Ni kawaida kabisa kukuta kwamba wimbo unaoujua kwa 100 una kasi yako halisi ya 54. Namba hiyo inauma, lakini ni ya kweli. Kosa la kawaida ni kuchagua kasi inayofaa vipimo vyepesi, kisha kukimbilia vigumu ukiomba Mungu.

Polepole nayo ina sakafu yake. Uzi wa gitaa unaanza kufifia mara tu unapodonolewa. Nyuzi za nailoni zinafifia haraka, na zile nyembamba zikibanwa freti za juu zinafifia haraka zaidi. Ukishuka sana, noti inakufa kabla ya inayofuata kuzaliwa, na hapo husikii tena kama noti mbili zimeshikana au zimeachana. Unapiga nukta, hupigi wimbo. Kwa nyimbo nyingi za gitaa kavu kushuka chini ya nusu ya kasi kamili kunafaa kwa kukagua kuhama kwa mkono au mpangilio wa vidole, lakini sauti yenyewe ing'arishwe kati ya nusu na robo tatu ya kasi. Kama wimbo ni wa 100, kazi kubwa ya sikio ifanyike kati ya 50 na 75.

Mkono wa kulia ndio unaostahili muda mwingi, ingawa ndio unaosahauliwa, kwa sababu makosa yake hayazimishi noti. Yanaifanya tu iwe mbaya.

Katika mtindo wa vidole viwili swali la kwanza ni hili: uzi wa 3 ni wa nani? Gumba lina besi, nyuzi za 6, 5 na 4. Shahada ina wimbo, nyuzi za 1 na 2. Uzi wa 3 uko katikati, na noti nyingi za kujaza zinaangukia hapo. Ukipiga polepole bila kuamua, leo utaudonoa kwa gumba, kesho kwa shahada, na kwa mapigo 50 hutaona tofauti. Kwa mapigo 100 tofauti ni kubwa. Kidole kimoja kikitakiwa kudonoa, kurudi na kudonoa tena, kina kikomo chake, na shahada ikipewa noti tatu mfululizo inaanza kukaza kuanzia kifundo cha mkono. Gumba likichukua ile ya katikati, shahada inapata nafasi ya kupumua. Kwa hiyo mpangilio wa vidole uamuliwe kwa kuangalia kasi ya mwisho, uandikwe kwa penseli juu ya karatasi, G kwa gumba na S kwa shahada, noti kwa noti mahali penye utata, na polepole itumike kuufuata bila kuuvunja hata mara moja. Mpangilio unaobadilika kila siku haung'ariki.

Anayetumia vidole vitatu au vinne ana tatizo kama hilo kwa sura nyingine. Kwake kanuni ni kutorudia kidole kimoja kwenye noti mbili zinazofuatana za wimbo, ila pale palipo na muda. Akipiga polepole atarudia bila kujijua, kwa sababu hakuna kinachomzuia. Ajipige video ya mkono wa kulia kwa simu, dakika moja tu, aitazame. Itamwambia alichokuwa akikifanya.

Baada ya mpangilio linakuja suala la uzito. Gumba lina nguvu kuliko vidole vingine na linadonoa nyuzi nene. Liachwe lifanye litakavyo, litauzamisha wimbo. Zoezi lenye manufaa hapa ni hili. Piga vipimo viwili kwa kasi ya nusu, wimbo peke yake usikike, huku gumba likigusa nyuzi zake kwa wakati wake bila kuzidonoa. Linafika, linagusa, linatulia. Kisha kinyume chake: besi isikike, shahada iguse tu. Mara ya tatu vyote vilie, lakini besi iwe chini kiasi kwamba mtu aliye chumba cha pili asikie wimbo tu. Mara ya nne besi iwe juu na wimbo uwe mnong'ono. Hiyo mara ya nne wengi hawaiwezi siku ya kwanza, na kutoiweza kunaonyesha kwamba vidole viwili vinapiga kama kidole kimoja. Uhuru wa gumba unajengwa hapa, kwa mapigo 50 na vipimo viwili, si kwa kupiga wimbo mzima mara mia.

Angalia pia kidole kinagusa uzi lini. Kikitua mapema juu ya uzi ambao bado unalia, kinaukata. Kikitua kwa kuchelewa, kinagonga uzi na kucha na kutoa mlio mkavu. Kwa polepole unaweza kusikia noti ya zamani inakatika kabla ya mpya kuanza. Kwa kasi kamili kosa hilohilo linafanya wimbo usikike kama umekatwakatwa na hujui kwa nini. Kucha ikizidi milimita moja au mbili mbele ya nyama ya kidole, inakwama kwenye uzi na kuuchelewesha. Ikiwa na mikwaruzo ukingoni, hata mazoezi ya mwaka mzima hayatakupa sauti laini. Msasa laini kabisa, dakika tano, mara moja kwa wiki.

Tukishafika kwenye milio, tuseme na ule wa kukwaruza, kwa sababu ndio unaotofautisha kipande kilichong'arishwa na kilichojulikana tu. Nyuzi za besi zimezungushiwa waya mwembamba, na kidole kikiteleza juu yake zinalia. Katika gitaa la nyuzi za chuma hata uzi wa 3 kwa kawaida umezungushiwa. Dawa ni kuinua kidole wima kwanza, kama unayeondoa kidole juu ya kitu cha moto, ndipo uhame. Kama unahitaji kidole cha kukuongoza njiani, kiteleze juu ya uzi wa 1 au wa 2, ambao ni laini na haulalamiki. Hili haliwezi kufundishika kwa kasi. Linafundishika kwa mapigo 50, ukisimama kila baada ya kuhama na kujiuliza umesikia nini katikati ya noti mbili. Si kila mkwaruzo ni kosa, tunakubali. Rekodi za zamani zimejaa mikwaruzo na bado zinapendeza. Lakini mpigaji awe ameuchagua.

Nguvu ya kubana nayo inastahili kupimwa. Shika noti moja, idonoe, halafu legeza kidole polepole hadi uzi uanze kutoa mlio wa nyuki. Ongeza nguvu kidogo tu hadi mlio uwe safi. Hiyo ndiyo nguvu inayohitajika, na karibu kila mtu anakuta kwamba alikuwa akibana zaidi ya hapo. Piga vipimo viwili vyote kwa nguvu hiyo ndogo. Mkono unaobana kupita kiasi hauwezi kuhama haraka, kwa hiyo kasi inayokosekana kipimo cha saba huenda imepotelea kipimo cha sita. Ila kama gitaa lako la nyuzi za chuma lina nafasi inayozidi sana milimita 3 kati ya uzi na freti ya 12, shida si mkono wako. Fundi ashushe nyuzi kwanza. Na kwa walio Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na kwingine kwenye hewa ya chumvi, nyuzi za chuma zinaota kutu mapema na kuanza kudanganya sauti. Donoa mlio wa kengele kwenye freti ya 12, kidole kikigusa uzi tu bila kubana, kisha bana freti hiyohiyo. Milio miwili isipolingana kwa nyuzi ambazo zamani zililingana, badilisha nyuzi kabla ya kulaumu vidole.

Kipande kigawanywe vipi? Vidogo kuliko unavyodhani. Vipimo viwili, na noti moja ya kipimo kinachofuata. Hiyo noti moja ya ziada ni muhimu sana, kwa sababu mahali watu wanapokwama si ndani ya vipimo bali kwenye viungo vyake. Anayefanya mazoezi ya kipimo cha 5 na 6, kisha cha 7 na 8, hajawahi hata mara moja kufanya mazoezi ya kutoka cha 6 kwenda cha 7. Ndiyo maana hukwama hapo. Pia jaribu kuanzia mwisho: vipimo viwili vya mwisho kwanza, kisha viwili vilivyotangulia hadi mwisho, na kurudi nyuma hivyo. Faida yake ni kwamba unapopiga unaelekea sehemu unayoijua zaidi, si kinyume chake, na kwa kawaida mwisho wa kipande ndio uliopata mazoezi machache kuliko mwanzo wake.

Dakika ishirini zenye kazi ya aina hii zinatosha kwa vipande viwili vya vipimo viwili. Ukipiga safi mara tatu mfululizo, panda mapigo 4. Ukikosea mara mbili mfululizo, shuka 8, wala usibishane na nafsi yako. Badala ya kukaa kwenye kipande kimoja dakika zote ishirini, badilishana, dakika tano hiki, dakika tano kile, kisha urudi cha kwanza. Utahisi kama unasahau kila unaporudi. Kule kujikumbusha ndiko kunakokifanya kikae hadi kesho. Usingizi wa usiku nao hufanya sehemu yake katika kuimarisha harakati za mikono, ndiyo maana siku nne za dakika ishirini zinazaa kuliko Jumamosi moja ya saa mbili.

Sasa tufike mahali ambapo hatukubaliani na walimu wengi. Kupanda kwa mapigo manne manne hakukufikishi kasi kamili. Kutoka 60 hadi 100 ni hatua kumi, na wengi wanapanda vizuri hadi karibu 85, kisha wanagonga ukuta. Wanaambiwa waendelee kuwa na subira. Subira haitawasaidia, kwa sababu tatizo limebadilika. Kwa kasi ndogo unaweza kuamuru kila kidole peke yake. Kwa kasi kubwa hakuna muda wa amri moja moja. Mkono lazima upokee kundi la noti nne au sita kama agizo moja. Kundi hilo haliundwi kwa kwenda polepole tu.

Dawa ni mbio fupi. Chukua noti nne, zipige kwa kasi kamili ya 100, simama. Tulia mapigo mawili au matatu, hakikisha mkono umelegea. Tena noti nne, simama. Zikiwa safi, ongeza ya tano, ambayo ni mlango wa kundi linalofuata. Hapo mpigaji anagundua kama ile polepole yake ilikuwa ya kweli. Kama alikuwa akiruka kwa wepesi na kusubiri, noti nne zitatoka bila taabu. Kama alikuwa akiburuza, zitagongana. Polepole na mbio fupi ziende pamoja tangu wiki ya kwanza, si polepole mwezi mzima halafu kasi. Tuna uhakika na hili kwa sababu ya jambo lililo wazi: kosa la mpangilio wa vidole halionekani kwa mapigo 50. Ukilichelewesha hadi mwezi wa pili, utalazimika kufuta mwezi mzima wa marudio.

Kuna kitu kingine ambacho polepole hukiharibu isipochungwa, nacho ni mwendo wenyewe wa wimbo. Nyimbo nyingi za gitaa kavu hazigawi pigo nusu kwa nusu. Noti ya kwanza ni ndefu kidogo na ya pili fupi, na ndani ya pigo kuna tatu zisizosikika zote. Ukishuka hadi 50 urefu huo usio sawa unaanza kusikika kama kosa, na vidole vinausawazisha. Ukipandisha tena kasi, wimbo umekuwa kama mazoezi ya shule. Ili usiupoteze, hesabu tatu ndani ya kila pigo kwa mdomo, ta-ka-ta, ta-ka-ta, na uweke noti ya pili ya gitaa pale penye ta ya mwisho. Na kila baada ya kupiga kifungu polepole, kiimbe mara moja kwa kasi kamili bila gitaa. Sikio lisisahau kinakokwenda kipande.

Metronomu, kifaa kinachogonga mapigo, pia iwekwe kwa busara. Ikigonga kila pigo, inakubeba. Kwa wimbo wa mapigo 100, iweke 50 na uifanye iwe pigo la pili na la nne. Besi ya pigo la kwanza na la tatu sasa ni jukumu lako mwenyewe, na gumba linalokimbia litaumbuka ndani ya vipimo vitatu. Ukiweza hivyo, iweke 25 kama programu ya simu inaruhusu, mlio mmoja kwa kipimo kizima. Metronomu za zamani za pendulumu zilianzia 40, kwa hiyo zoezi hili ni zawadi ya simu.

Wapo wanaosema kwamba wazee wa Katanga na wa magharibi mwa Kenya hawakuhitaji haya yote. Hoja hiyo inastahili jibu la heshima. Muziki wao umejengwa juu ya mzunguko mfupi, vipimo vichache vinavyorudi na kurudi, na mtu anayepiga mzunguko huo jioni nzima kwenye baraza au kwenye sherehe anakuwa ameurudia mara nyingi kuliko mwanafunzi wa leo atakavyofanya kwa mwezi. Chupa iliyogongwa pembeni ndiyo iliyokuwa metronomu yao. Aidha, hawakuwa wakinakili kipande kilichofungwa. Uchambuzi wa mtafiti wa muziki David Rycroft wa gitaa la Mwenda, uliochapishwa katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, ulihusu ubunifu wake wa papo hapo. Mwanafunzi wa leo anajifunza kutoka rekodi moja, noti kwa noti, peke yake chumbani. Njia yake ni tofauti, na vifaa vyake lazima viwe tofauti.

Kutokana na rekodi hizo linatokea jambo dogo la kiufundi. YouTube inaruhusu kupunguza kasi hadi 0.75 na 0.5 bila sauti kushuka, na ni msaada mkubwa wa kutambua noti na kuona kidole kipi kinadonoa. Lakini kwa 0.5 mwanzo wa kila noti unavutwa na kuwa kama ukungu, kwa hiyo usijifunzie hapo ubora wa sauti wala mahali hasa noti inapoanza. Chukua noti kwa 0.5, chukua mwendo kwa 0.75, chukua sauti kwa kasi kamili.

Nyimbo za gitaa kavu ni za kuimba, hivyo gitaa halijang'aa mpaka lihimili mdomo. Usianze na maneno ya wimbo. Piga kwa nusu ya kasi huku ukihesabu kwa sauti moja hadi ishirini. Kisha taja siku za wiki, kurudi nyuma kuanzia Ijumaa. Gumba litatetereka mahali fulani, mara nyingi pale ambapo besi inabadilika kutoka uzi wa 5 kwenda wa 6. Mahali hapo bado panategemea uangalizi wako, hapajawa pa mkono. Paweke alama kwa penseli. Baada ya hapo ndipo maneno, kwanza kwa kuyasema juu ya mzunguko, kisha kwa kuyaimba.

Na hata kipande kikishafika 100, kirudishwe 50 mara moja kwa wiki, bila kutazama mkono wa kushoto, ukianzia kipimo chochote utakachokiokota kwa macho yaliyofumba juu ya karatasi. Usianzie mwanzo. Kumbukumbu ya vidole inayoanzia mwanzo tu hubebwa na mtiririko, na mtiririko ukikatika mbele ya watu hakuna pa kushika. Ukishindwa kuanzia kipimo cha 11, basi hujui kipimo cha 11, hata kama umekipiga mara mia tano ukikipitia, na ndicho cha kufungulia mazoezi ya kesho: noti ya mwisho ya kipimo cha 10, kipimo chote cha 11, na noti ya kwanza ya cha 12.